Jinsi ya kuchagua trekta dogo lenye loda na beko kwa kazi za shamba

Kila masika yakikaribia simu yangu haipoi, na swali ni lile lile: "Fundi, nimeona trekta dogo la Kijapani liko yadi Dar, lina kijiko mbele na beko nyuma, nichukue?" Ninayepigiwa ni mimi kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza mitambo midogo huku Pwani. Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye simu, kwa hiyo naandika yote hapa. Soma kabla hujatuma hata shilingi ya kishika nafasi.

Tuelewane majina. Loda ni kijiko kikubwa cha mbele cha kuzolea mchanga, mbolea au kokoto. Beko ni ule mkono wa nyuma wa kuchimbia. Trekta dogo ninalolizungumzia ni la kuanzia hp (nguvu za farasi) 18 hadi hp 40 hivi, la kazi za mtu mwenye ekari chache: kusafisha shamba, kuchimba mtaro wa bomba, kusawazisha kiwanja, kutoa samadi zizini. Lile JCB la njano unaloliona kwenye ujenzi wa barabara lina uzito wa tani 8 hivi. Usililinganishe na hili. Wengi wanaoumia, wameumia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia na rula ya chuma.
- Daftari, na mchoro wa shamba lako hata kama umeuchora kwa mkono: geti liko wapi, upana wake, mteremko uko upande gani, maji yanatuama wapi.
- Tochi, chaki na kitambaa cheupe.
- Fundi anayejua haidroliki, yaani mfumo wa oili yenye mgandamizo unaosukuma loda na beko. Fundi wa magari madogo, hata awe hodari vipi, si huyu.
- Nusu siku nzima. Ukienda kukagua trekta huku una haraka ya kuwahi basi, bora usiende.

Hatua ya 1: Andika kazi za mwaka mzima, na siku zake

Chukua daftari, andika kila kazi na siku ngapi kwa mwaka utaifanya. Kufyeka na kulima: siku ngapi? Kubeba samadi? Kuchimba? Kuvuta tela la maji?

Watu wakishaandika, mara nyingi wanagundua beko wataitumia siku saba au kumi kwa mwaka, na loda karibu kila wiki. Uliza bei ya kukodi mtambo wa kuchimba huko kwenu kwa siku, zidisha kwa siku zako, kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya trekta lenye beko na lisilo nayo. Kama kukodi kwa miaka mitano bado ni nafuu, nunua trekta lenye loda peke yake na hela inayobaki tia kwenye rotaveta (mashine ya kusaga udongo) na tela. Sisemi beko haina maana. Kwa mtu anayejenga mabwawa ya samaki au anayepitisha mabomba ya umwagiliaji kila msimu, inajilipa. Ila lazima hesabu iwe yako.

Hatua ya 2: Pima kina cha mashimo yako

Swali hili ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko yote. Beko ya trekta dogo kabisa, mfano Kubota BX23S la hp 21 na kitu, inafika chini karibu mita 1.85 tu. Ukitaka mita 3, unahitaji trekta la hp 40 na zaidi, zito zaidi, na bei inapanda sana.

Sasa jiulize unachimba nini:

- Mtaro wa bomba la maji: sentimita 60 hadi 90. Beko ndogo inatosha kabisa.
- Msingi wa nyumba ya kawaida: mara nyingi haufiki mita 1.2. Inatosha.
- Mashimo ya migomba, michungwa na nguzo za uzio: inatosha, na hapo ndipo raha yake ilipo.
- Shimo la choo au karo la maji machafu la mita 3 au 4: haitoshi. Usidanganyike na muuzaji anayekuambia "inafika tu".

Mama mmoja wa Mlandizi alinunua ya aina hiyo kwa ajili ya choo cha wafanyakazi. Alinipigia akaniambia, "Mwanangu, mkono umefika mwisho na shimo bado ni kama la kuzikia mbuzi." Ilibidi vijana wamalizie kwa sururu.

Udongo nao una neno. Kwenye kichanga na tifutifu beko ndogo inakwenda vizuri. Kwenye mbuga nyeusi wakati wa kiangazi, udongo unakuwa kama tofali, utachimba polepole. Na kama uko Tanga, Bagamoyo karibu na bahari au Unguja, na chini una mwamba wa matumbawe, beko ndogo itakwaruza tu. Pale unahitaji mtambo mzito wenye nyundo.

Hatua ya 3: Tazama uzito kabla ya farasi

Kila anayenipigia ananitajia hp. Sawa, hp ni muhimu kwa rotaveta na fyekeo (mashine ya kufyeka nyasi). Lakini kazi ya kubeba na kuchimba inafanywa na uzito na haidroliki. Trekta la hp 35 lililo jepesi litajivuta lenyewe kuelekea kwenye shimo kabla halijang'oa kisiki.

Kwa ekari 2 hadi 5 zenye kazi nyepesi, hp 20 hadi 25 zinatosha. Ekari 5 hadi 15, na udongo mzito, tafuta hp 30 hadi 40. Zaidi ya hapo, kama kazi kubwa ni kulima, acha haya madogo ufikirie Massey Ferguson 240 au trekta la kundi lake, halafu uchimbaji ukodi.

Pima pia geti na njia ya kupita kwenye migomba.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kijiko cha mbele

Udongo uliolowa una uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo. Kijiko cha trekta dogo kabisa kinabeba lita 140 hivi. Kwa hiyo kikijaa udongo wa tope, umebeba kilo 250, sawa na mifuko mitano ya saruji. Loda ya BX23S niliyoitaja inainua karibu kilo 335 ikipimwa kwenye pini za kijiko. Ukisogea mbele, katikati ya kijiko, nguvu inapungua. Unaona nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani?

Kwa hiyo ukiulizwa "itashusha paleti ya saruji kwenye lori?", hesabu: mifuko 20 ya kilo 50 ni tani 1. Haiwezi. Tenki la maji la lita 1,000 likiwa limejaa, vilevile haiwezi.

Muulize muuzaji mambo mawili: loda inainua kilo ngapi, na zimepimwa wapi, kwenye pini au mbele zaidi? Asiyejua, mwambie aonyeshe kwa vitendo kwa mifuko ya saruji.

Onyo: Usitumie loda bila uzito nyuma. Kijiko kikijaa, mzigo wote unakwenda kwenye ekseli ya mbele na magurudumu ya nyuma yanaanza kuelea. Beko yenyewe ni uzito mzuri. Ukiitoa, funga pipa la zege kwenye mikono ya nyuma, au jaza matairi ya nyuma maji mpaka robo tatu. Kwa joto la kwetu maji ya kawaida yanatosha.

Hatua ya 5: Chagua gia kulingana na kazi

Kazi ya loda ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara mia kwa siku. Trekta la gia za kawaida linataka ukanyage klachi kila mara, na klachi inaisha upesi. La haidrostatiki, lile la kukanyaga pedali tu bila kubadili gia, ni rahisi sana kwa loda na kwa dereva anayejifunza. Linapoteza nguvu kidogo kwenye kulima, na matengenezo yake yakiharibika ni ghali. Kuna la katikati, lenye mkono mmoja wa kugeuza mwendo wa mbele na nyuma bila kugusa gia nyingine. Mimi kwa mtu mwenye loda na shamba la kulima pia, namshauri hilo la katikati.

Magurudumu yote manne lazima yavute. Kwenye hili sina mjadala.

Hatua ya 6: Chungulia beko imefungwaje

Lala chini, washa tochi. Beko iliyofungwa vizuri imekaa kwenye fremu ya chuma inayopita chini ya tumbo la trekta, kutoka nyuma mpaka karibu na ilikofungwa loda. Nguvu ya kuchimba inagawanyika kwenye fremu yote.

Kuna beko zinazoning'inizwa tu kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya kubebea plau. Zikae mbali nawe. Ukichimba kwa nguvu, beko inaweza kuinuka na kumkandamiza aliyekaa juu yake, na mwili wa trekta unaweza kupasuka kwenye maungio ya gia. Beko kama hizi hupachikwa na mafundi kwenye matrekta yaliyokuja bila beko. Rangi ikiwa mpya mahali pamoja tu, shuku.

Hatua ya 7: Pini za nyuma na PTO

Toa rula. Pini za mikono ya chini za kundi la kwanza (Category 1) zina unene wa milimita 22. Za kundi la pili, milimita 28. Zana nyingi za matrekta makubwa ni za kundi la pili, na kuna matrekta madogo sana yenye pini nyembamba kuliko hata milimita 22. Ukinunua trekta halafu rotaveta ya jirani haiingii, utaishi kwa kuazima vifaa.

PTO ni ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Zana nyingi zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Matrekta ya Kijapani yaliyotumika mara nyingi yana kasi mbili au tatu za PTO, na maandishi yake ni ya Kijapani. Ukiweka kasi ya juu kwa kutojua, fyekeo linazunguka karibu mara mbili ya inavyopaswa na kisu kinaweza kuruka. Tafuta mtu akutafsirie vibandiko vyote, kisha andika Kiswahili kwa rangi juu yake.

Hatua ya 8: Kagua trekta lenyewe

Hapa usikimbie. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua trekta kwenye yadi moja kwa sababu rangi ilikuwa inang'aa na injini ilikuwa inanguruma vizuri. Sikuinua magurudumu ya mbele. Siku ya kwanza kwenye tope, mbele hakuvuti hata kidogo: meno ya gia ya ekseli yalikuwa yamelika yote. Ilinichukua miezi miwili kupata vipuri. Tangu hapo nafuata utaratibu huu:

1. Piga simu kabla, sema wasiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha ili ikuwakie kirahisi. Rudi kesho.
2. Kabla ya kuwasha, fungua rejeta ikiwa baridi. Mafuta yakielea juu ya maji, ondoka. Chomoa kijiti cha oili ya haidroliki, kipanguse kwa kitambaa cheupe. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani.
3. Washa. Moshi mweupe kidogo asubuhi si tatizo kama unaisha. Wa buluu usioisha ni injini inayokula oili. Mweusi mzito bila mzigo, anza na kichujio cha hewa na nozeli.
4. Shusha kijiko cha mbele, kikandamize ardhini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke. Msaidizi asimame mbali, pembeni. Ingiza mvuto wa manne, gia ya chini kabisa, uachie klachi taratibu, kwa muda mfupi tu. Yanazunguka? Kuna mlio wa kusagika? Zima, weka magogo imara chini ya ekseli, ndipo utikise kila gurudumu kwa mkono.
5. Jaza kijiko mchanga, kiinue mpaka kifuani, zima injini. Chora alama ya chaki kwenye chuma cha silinda mahali kilipoishia. Kaa dakika kumi, mbali na kijiko. Kushuka kwa unene wa kidole si ajabu kwa mtambo wa zamani. Kushuka kwa upana wa kiganja kunamaanisha sili (raba za kuzuia oili kwenye silinda) au valvu zimechoka.
6. Nyoosha mkono wa beko wote, kijiko chake kiwe sentimita chache kutoka ardhini, injini imezimwa. Shika meno ya kijiko usukume kushoto na kulia. Ukiona ncha inacheza kwa upana wa vidole viwili, pini na bushi zimekwisha, na hii ndiyo saa ya kweli ya trekta. Kipima saa kwenye dashibodi kinabadilishwa kwa dakika tano. Bushi iliyolika haifichiki. Linganisha pia na raba za pedali: saa 600 na pedali zilizobaki chuma kitupu haviendi pamoja.
7. Pitisha tochi pale loda ilipofungwa kwenye mwili wa trekta, na chini ya ekseli ya mbele. Tafuta nyufa na welding mpya.
8. Kuna fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka? Mkanda upo? Isiyo na fremu, dai iwekwe au punguza bei uitengenezeshe mwenyewe kwa mtu anayeijua kazi hiyo, si kwa bomba la maji.

Hatua ya 9: Vipuri kwanza, malipo baadaye

Andika namba ya injini, uende nayo dukani kabla ya kulipa. Injini kama Kubota D1105 zinatumika pia kwenye jenereta na mitambo midogo mingine, kwa hiyo pistoni na gasketi zake si za kuhangaika. Injini isiyo na ndugu mtaani ndiyo inayogeuza trekta kuwa banda la kuku. Fungua vichujio vyote uone namba zake, uliza vinavyofanana.

Kwenye karatasi, namba ya chesisi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma. Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, mkalishe wakala wa forodha mkubaliane mapema mtambo utaandikwaje: matrekta yako kwenye kifungu cha 8701, mitambo ya kuchimba na kuzoa iko kwenye 8429. Mtambo ukishafika bandarini mabishano hayo yanageuka gharama za kuhifadhi.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Badilisha oili zote na vichujio vyote, hata kama wameapa vimebadilishwa juzi. Paka grisi kila pini mpaka ya zamani itoke nyeusi. Kisha mfundishe dereva haya kabla hajapewa ufunguo:

- Kijiko chenye mzigo kinatembea chini, usawa wa goti, kamwe si juu.
- Breki za haya matrekta ziko nyuma. Ukishuka mteremko na kijiko kimejaa, nyuma ni nyepesi na breki hazishiki. Ingiza mvuto wa manne kabla ya kuanza kushuka, ili na mbele kusaidie kuzuia.
- Kwenye lami, toa mvuto wa manne.
- Ukichimba kwenye mteremko, udongo mwaga upande wa juu. Mkono ukigeukia chini na mzigo, trekta linaweza kulala.
- Udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtaro wa mita 1.5 na zaidi haingii mtu bila kuta zake kuegemezwa kwa mbao. Udongo ukimfunika mtu mpaka kifuani, humtoi kwa kumvuta mkono.
- Abiria hapandi kijikoni. Hata mtoto, hata hatua tatu.

Likikusumbua

*Haliwaki kabisa, hata starta haiitiki.* Kabla ya kumwita fundi, angalia swichi za usalama: kiti kimekaliwa, klachi imekanyagwa, PTO imezimwa. Moja ikiwa wazi, haliwaki. Usikubali fundi aziunganishe kwa waya ili "kuondoa usumbufu", na usiwashe kwa kugusisha bisibisi kwenye starta ukiwa umesimama chini. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kukupanda.

*Haidroliki inalia na oili ina povu.* Inavuta hewa. Oili imepungua, au bomba la kuingilia pampu limelegea.

*Asubuhi beko ina nguvu, saa saba mchana imelegea.* Oili imekuwa nyepesi kwa joto. Anza na aina ya oili na kichujio, ndipo ufikirie pampu. Nimeona watu wakinunua pampu nzima kwa kosa la kuweka oili isiyo yake.

*Loda inashuka yenyewe.* Mafundi wengi wanakimbilia sili za silinda. Mwambie apime valvu kwanza.

*Injini inachemka wakati wa kufyeka.* Mbegu za nyasi zimeziba rejeta. Puliza kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa upepo wa kadiri. Upepo mkali unalaza mapezi yake.

*Hozi inavuja lakini hujui wapi.* Usipapase kwa mkono. Oili yenye mgandamizo hupenya ngozi kama sindano, na tundu lake huwezi hata kuliona. Pitisha kipande cha kadibodi kwenye hozi, kitalowa penye tundu. Aliyechomwa na oili aende hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu, na amwambie daktari kwamba ni oili ya haidroliki, kwa sababu anayechelewa anaweza kupoteza kidole au mkono.